Kompyuta ya sebuleni ikipoteza sauti ya ubora wa juu: kabla ya kununua kebo, soma orodha ya miundo

Mwenzetu wa Nakuru ameeleza kwamba kompyuta yake inaendesha Kodi, ile programu ya kuchezea filamu, ndani ya Windows na imeunganishwa na amplifaya kwa kebo ya HDMI, nayo amplifaya imeunganishwa na runinga. Picha ni safi, lakini filamu alizozinakili kutoka diski zake za Blu-ray hazisikiki inavyopaswa. Zenye muundo wa sauti ya ubora wa juu wa DTS-HD Master Audio huandika DTS pekee kwenye kidirisha cha amplifaya, na zenye muundo mwenzake wa Dolby TrueHD huandika PCM, yaani sauti iliyokwisha kusimbuliwa, huku spika za nyuma zikinyamaza. Ameongeza jambo ambalo wengi waliomjibu wamelipita: kwamba zamani mambo yalikuwa sawa, na hata sasa kuna siku sauti hurudi yenyewe. Fundi amemshauri aagize kadi ya sauti na kebo ya bei ya juu kutoka Luthuli Avenue.

Ndugu yangu, ningekusihi usitoe shilingi yoyote kwanza. Nimekaa na kompyuta ya namna hii sebuleni kwangu hapa Kisumu kwa miaka mingi, na nimewasaidia majirani na jamaa wa Kakamega na Kericho kutengeneza za kwao. Dalili ulizoandika zinatosha kuonyesha tulipo.

Tuanze na hizo dalili. Mkondo wa DTS-HD Master Audio umejengwa kwa sehemu mbili: kiini cha DTS ya kawaida, ambacho kwa kawaida huwa na takriban megabiti 1.5 kwa sekunde, na nyongeza inayorudisha kila kitu kilichopunguzwa kwenye kiini hicho. Njia ikishindwa kubeba mkondo mzima, kichezeshi hukata nyongeza na kutuma kiini peke yake, na ndiyo sababu unasikia sauti, tena ya spika zote, lakini neno linalotokea ni DTS tu. Dolby TrueHD haina kiini cha aina hiyo. Kwenye diski huambatana na Dolby Digital ya kawaida iliyo kando, ambayo watu wengi huiacha wanaponakili filamu ili kupunguza ukubwa wa faili. Kwa hiyo Kodi ikiambiwa kwamba TrueHD haipokelewi, huisimbua yenyewe na kuituma kama PCM, kwa idadi ya chaneli ambazo kifaa cha upande wa pili kimesema kinazikubali. Kwako imeambiwa mbili, na hapo ndipo spika zako za nyuma zinaponyamaza.

Hizo, basi, si hitilafu mbili. Ni hitilafu moja yenye sura mbili: kompyuta yako imeambiwa na mtu fulani kwenye mnyororo kwamba aliye mwisho wa kebo anajua Dolby Digital, DTS ya kawaida na PCM ya chaneli mbili. Hayo si maelezo ya amplifaya yako. Ni maelezo ya runinga.

Kebo haiwezi kufanya hivyo. Sauti ya HDMI husafiri ndani ya mapengo yaliyo kati ya mistari na fremu za picha, kwa hiyo kebo inayobeba picha ya 1080p bila kukwama ina nafasi ya kutosha kubeba na sauti hiyo. Kebo mbovu huonyesha vimulimuli kwenye skrini, au picha hukatika na kurudi; haikai ikichagua kwamba DTS ipite na TrueHD isipite. Kadi ya sauti nayo haihusiki hata kidogo, kwa sababu sauti inayotoka kwenye tundu la HDMI hutolewa na chipu ya grafiki. Ukinunua kadi nzuri kuliko zote Nairobi, sauti ya HDMI haitapita humo.

Sasa fanya jambo moja kabla ya mengine yote. Amplifaya ikiwa imewashwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha ubonyeze Enter. Utafunguka ule ubao wa zamani wa sauti. Chagua kifaa cha HDMI, fungua sifa zake, uende kwenye sehemu inayoonyesha miundo inayokubaliwa. Hapo utakuta orodha ya miundo iliyosimbwa, na chini yake viwango vya sampuli. Mfumo ukiwa na afya, utaona DTS, Dolby Digital, Dolby TrueHD na DTS-HD zote zimetajwa, na idadi ya juu ya chaneli itakuwa 8 ikiwa amplifaya yako inapokea kiasi hicho. Mfumo ukiwa na ugonjwa wako, utaona mbili za kwanza tu, na chaneli 2. Orodha hiyo ndiyo shahidi mkuu wa kesi hii. Usiguse mpangilio wowote wa Kodi kabla hujaisoma, maana kama TrueHD haimo humo, Kodi haina la kufanya.

Orodha hiyo hutokana na maelezo yanayoitwa EDID, ambayo kila kifaa cha HDMI humtumia aliye juu yake kinapounganishwa au kuamka. Amplifaya iliyowashwa huchukua maelezo ya picha kutoka kwa runinga, huweka maelezo yake yenyewe ya sauti mahali pa yale ya runinga, kisha huupeleka mchanganyiko huo kwa kompyuta. Lakini amplifaya nyingi zina mpangilio unaoruhusu picha na sauti kupita kwenda runingani hata zikiwa zimelala, ili watu wa nyumbani waweze kutazama habari bila kuiwasha mashine nzima. Katika hali hiyo amplifaya hujitoa katikati, na kompyuta husoma maelezo ya runinga yalivyo. Ikiwashwa baadaye, inapaswa kuitangazia kompyuta kwamba mambo yamebadilika. Baadhi hutangaza vizuri, baadhi hutangaza na kompyuta haisikii, na ndiyo maana siku nyingine sauti hurudi na siku nyingine hairudi.

Huku kwetu jambo hili lina chanzo kimoja kinachojirudia kuliko vyote, nacho ni stima. Jioni mvua ya radi inashuka, stima inapotea, na inaporudi kila kifaa huamka kwa mwendo wake. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika Uingereza, ambazo ndizo wengi wetu tumeziweka sebuleni, zinaweza kuja zikiwa zimepangwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta, ziwake zenyewe umeme unaporejea. Amplifaya haiwaki, hubaki imelala, ikipitisha. Kompyuta inawaka, inakuta runinga pekee, inaandika maelezo ya runinga, na Kodi inaanza ikiwa na maelezo hayo. Baadaye unaketi, unachukua rimoti, unawasha amplifaya, na picha iko vizuri kabisa, kwa hiyo huna sababu ya kushuku kwamba kuna kilichokwenda kombo saa mbili zilizopita wakati hukuwepo chumbani. Kompyuta inayolazwa badala ya kuzimwa huleta shida ile ile ikiamshwa kabla ya amplifaya.

Nilivyothibitisha kwangu ni hivi, nawe unaweza kufanya vivyo hivyo. Nilifungua ule ubao wa sauti na kuuacha wazi kwenye skrini ukionyesha miundo miwili, kisha, amplifaya ikiwa imewaka, nikachomoa kebo ya HDMI upande wa kompyuta, nikasubiri kidogo, nikairudisha. Skrini iliingia giza, relei ndani ya amplifaya ikalia, picha ikarudi. Nilipofungua upya sifa za kifaa kile kile, orodha ilikuwa imeongezeka TrueHD na DTS-HD, na chaneli zimekuwa 8. Hakuna kilichonunuliwa wala kilichosakinishwa. Nilifunga Kodi na kuifungua tena ili isome vifaa upya, na kidirisha cha amplifaya kikaandika DTS-HD MSTR.

Kwa tiba ya kudumu, ningefuata mambo haya kwa mpangilio wa uzito wake. Kwanza zima, kwenye menyu ya amplifaya, ule upitishaji wa HDMI inapokuwa imelala. Utapoteza urahisi wa kutazama bila kuiwasha, lakini kwa maoni yangu ni gharama ndogo sana, kwa sababu kompyuta haitapata tena nafasi ya kusoma maelezo ya runinga peke yake. Pili, ingia kwenye BIOS ya kompyuta uondoe kule kuwaka kwenyewe umeme unaporudi. Tatu, zoesheni watu wote wa nyumbani utaratibu wa kuwasha: runinga, amplifaya, kisha kompyuta. Jambo hili la tatu ndilo gumu kulitekeleza palipo na watoto, na ndiyo sababu nimeliweka nyuma ya yale mawili yasiyohitaji mtu kukumbuka. Anayetumia LibreELEC, mfumo wa kompyuta uliotengenezwa kwa ajili ya Kodi, badala ya Windows ana njia iliyo safi zaidi: amri ya getedid create, ikitolewa wakati vyote vimewaka na sauti iko sawa, huhifadhi maelezo ya EDID kwenye faili, na kuanzia hapo mfumo huyatumia hayo hata amplifaya ikiwa imelala.

Ikitokea kwamba orodha imekamilika na bado unapata DTS tu, hapo ndipo tunakwenda kwenye Kodi. Panda kwenye kiwango cha juu cha mipangilio, la sivyo baadhi ya vipengele hutaviona. Windows ina njia mbili za kutoa sauti hapa: kifaa cha sauti kiwe kile kilichoandikwa WASAPI, si DirectSound, kwa kuwa DirectSound haipitishi miundo ya ubora wa juu. Ruhusu upitishaji wa sauti ghafi (passthrough), yaani sauti isiyosimbuliwa na kompyuta, chagua kifaa hicho hicho cha WASAPI kwa upitishaji, na uwashe TrueHD na DTS-HD kila moja peke yake. Zima ule mpangilio wa kulinganisha uchezaji na mwendo wa skrini, kwa sababu unahitaji kuigusa sauti, na sauti inayopitishwa ghafi haiguswi. Kwenye ule ubao wa sauti wa Windows, hakikisha programu zimeruhusiwa kukimiliki kifaa peke yao. Kuna njia rahisi ya kujua upitishaji unafanya kazi: punguza sauti kwa vitufe vya kompyuta. Isipobadilika hata kidogo, mkondo unapita bila kuguswa.

Nawaandikia kwa ufupi wale wanaosoma hapa ambao sauti hii haijawahi kuwatokea hata siku moja, maana kesi yao ni nyingine. Kama kompyuta imechomekwa kwenye runinga, na runinga ndiyo inayoipelekea amplifaya sauti kwa kebo ya mwanga au kwa ARC ya kawaida (njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka runingani hadi kwenye amplifaya), acheni kutafuta mpangilio. TrueHD inaweza kufika megabiti 18 kwa sekunde na DTS-HD Master Audio 24.5, kuzipitisha humo ni kuingiza trela ya miwa kwenye kichochoro cha Nyalenda. Ni eARC pekee, toleo lililoboreshwa la ARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, inayoweza kuzibeba, na ni lazima runinga na amplifaya zote ziwe nayo. Kama kadi yenu ya grafiki ni ya kabla ya Radeon HD 5000 za mwaka 2009, au chipu ya Intel ni ya kabla ya mwaka 2010, haikuundwa kupitisha miundo hii ikiwa ghafi. Na kama kompyuta ina DisplayPort tu, tundu jingine la picha lisilo HDMI, kama zilivyo nyingi za ofisini, kagueni adapta: moja niliyoinunua Oginga Odinga Street ilileta picha nzuri na orodha ya stereo pekee, na nilipoweka nyingine orodha ikajaa. Sasisho la mfumo pia linaweza kuondoa draiva ya sauti ya mtengenezaji wa chipu na kuweka ya jumla, kwa hiyo tazameni jina la draiva kabla ya kulaumu vyuma.

Jambo moja linawahangaisha watu bure. Filamu za Netflix haziji na TrueHD wala DTS-HD. Huja na Dolby Digital Plus, hata zinapokuwa na Atmos, ile sauti ya Dolby inayopangwa hadi juu ya kichwa. Jaribio lolote la sauti hii lifanywe kwa faili iliyonakiliwa kutoka diski ambayo unaijua.

Vilevile, kama siku moja upitishaji utakataa kabisa lakini PCM ya chaneli 8 imo kwenye orodha, iache Kodi isimbue yenyewe. TrueHD na DTS-HD Master Audio hazipotezi chochote katika usimbaji wake, kwa hiyo PCM inayotoka humo ni ile ile ambayo amplifaya ingeipata kwa kusimbua yenyewe. Kidirisha kitaandika MULTI CH IN badala ya jina zuri, na utakachokosa ni yale maelezo ya Atmos na DTS:X ya kupanga sauti angani. Asiye na spika za darini hatakosa kitu kikubwa.

Ndugu, usiku wa leo, ukiwa umewasha vyote, soma ile orodha, chomoa na kurudisha kebo, uisome tena, kisha utuandikie ilivyokuwa kabla na baada, pamoja na maneno yaliyotokea kwenye kidirisha cha amplifaya. Ikiongezeka, zima ule upitishaji na tatizo lako limekwisha. Ikibaki vile vile, tutajie aina ya amplifaya na namna kompyuta inavyotoa HDMI, iwe moja kwa moja au kwa adapta, na tutaendelea kutoka hapo.