Boneti ikiwa ya moto, rudi nyumbani

Juzi nilipita yadi moja pale Njiro nikakuta machalii wawili wametumwa kukagua Land Cruiser ya kitalii, ile iliyorefushwa, paa la kufunguka, injini 1HZ. Mmoja alikuwa amejipinda chini ya dashibodi, simu mdomoni inammulikia, anatafuta pa kuchomeka skana. Skana, kwenye 1HZ, dizeli ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta ya kusomwa! Mwenzake alikuwa kwenye boneti, injini inaunguruma, anamhakikishia mnunuzi: "Dada, sikiliza mwenyewe, injini haina neno." Nikamuuliza dalali gari limewashwa saa ngapi. Akacheka tu. Tunajuana.

Wadogo zangu, vyeti vya VETA mnavyo na mikono mnayo. Kinachonichosha ni kuona mnakagua kile ambacho muuzaji ameamua mkikague. Basi someni hapa, hata kama mtasema mzee amezidi kelele.

1. Fika gari likiwa baridi. Mwambie muuzaji tangu jana yake kwamba ukikuta limeshawashwa utaondoka. Ukilikuta limewashwa, ondoka kweli. Kiganja kwenye boneti kwanza, kisha karibu na ekzosi, halafu ndipo salamu ndefu. Dizeli haina plagi ya cheche, inaunguza mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na 1HZ inabana karibu mara 22. Ringi za pistoni zikichoka hewa inavuja, joto halitoshi, na hilo linaonekana asubuhi tu. Injini ikishapata moto inakuwa na adabu kama bwana harusi mbele ya wakwe. Nyie mna bahati ya kuishi Arusha: asubuhi ya Julai, ile ya kuvaa koti mpaka saa nne, ni kipimo ambacho fundi wa Dar hana.

Subiri taa ya hita izime, piga stata, tazama nyuma. Moshi mweupe wa muda mfupi usikutishe. Ukiendelea, injini inatetemeka na macho yanawasha kwa harufu ya dizeli, fikiria nozeli zinazonyunyiza mafuta, hita plagi zinazopasha silinda, au kompresheni, yaani ule mbano wa hewa. Ukiendelea hata injini ikiwa na moto, bila ile harufu ya dizeli, fikiria maji. Bluu ni oili, hilo mnalijua.

2. Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kumwaga. Ukiikuta rangi ya asali kwenye gari lililopiga kazi msimu mzima, imewekwa jana. Si dhambi, ila omba filta ya zamani, ikate, tafuta chembe za chuma. Oili ikizidi alama ya juu kwenye stiki, inuse: huenda dizeli inaingia huko. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji, funga boneti.

3. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, fungua kofia ya oili na uiweke juu chini pale pale mdomoni. Kutetemeka sawa, kurushwa hapana: hapo gesi inavuja kwenye ringi.

4. Rejeta. Hapa naomba mkae chini.

Miaka ya nyuma, mwishoni mwa masika, wakati kampuni zinapunguza magari kabla ya msimu wa Juni, kaka mmoja dereva wa utalii alinichukua nikamkagulie gari. Alikuwa ameendesha magari ya watu miaka mingi, sasa anataka la kwake. Pesa ilikuwa ya mkopo, na dhamana ni kiwanja cha familia. Aliniambia hayo tukiwa njiani. Kusikia hivyo tu kungetosha kunifanya niwe makini mara mbili.

Tulifika saa sita mchana. Boneti ya moto. "Tumetoka kuliosha, fundi," akasema kijana wa pale, na mimi nikajiambia huenda ni jua. Jua la masika! Rejeta ilikuwa ya zamani, mapezi yamelala, lakini kofia yake mpya inang'aa. Niliiona. Nikaifungua kwa kitambaa nikakuta maji masafi, ungeweza kuyachotea kikombe, nikayasifia. Rejeta ya umri ule kutoa maji ya namna ile maana yake yamemwagwa asubuhi hiyo, na kutu na mafuta yaliyokuwa yanaelea yameondoka nayo. Tukalizungusha mitaani pale nusu saa nzima, mshale wa joto haukubanduka kule chini kwenye C, alama ya baridi. Injini yenye themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka yapate moto, inatakiwa ipandishe mshale mpaka karibu na katikati, itulie hapo. Mimi nikamgeukia mteja wangu nikamwambia: "Kaka, hii haichemshi hata ukiipeleka motoni."

Kipima kompresheni kilikuwa kwenye begi langu, muda wote. Lakini mwenye gari, mzee mmoja mkarimu kupita kiasi, alikuwa ameagiza mbuzi choma na ndizi, na baada ya kula mbuzi wa mtu ni vigumu kumwambia unataka kufungua hita plagi zake sita. Nikanawa mikono, nikasema nunua.

Safari ya kwanza: wageni sita, mizigo juu, tangi limejaa, na ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu. Gari lilikuwa linasukuma maji. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ilikuwa imeshaanza kupitisha moto wa silinda kwenye njia za maji, na kwenye tambarare bila mzigo hilo halikuonekana. Mlimani gesi ikasukuma maji yote nje. Mshale nao haukupanda, kwa sababu kile kihisi kinapima maji, na maji hayakuwepo. Alijua pale injini ilipokosa nguvu na kuzima. Akanipigia kutoka juu kule ambako Ziwa Manyara linaonekana lote. Nyuma yake nilisikia wageni wakifurahi, wanapiga picha, wanadhani wamesimamishwa kwa ajili ya mandhari.

"Fundi," akasema, "ulisema haichemshi."

Hakunitukana. Ningelala vizuri zaidi angenitukana.

Tulipofungua: hedi imepasuka kati ya valvu, gasketi imeungua, rejeta nusu imezibwa na ile dawa ya kuzuia kuvuja, themostati haipo. Kazi ya kufunga niliifanya bure, spea alinunua yeye, kwa sababu sikuwa na pesa ya hedi na ndio ukweli. Msimu ule wageni wake aliwapeleka kwa magari ya kukodi, marejesho ya mkopo yanakatwa kama kawaida. Leo ana magari kadhaa. Tukikutana tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto. Kukagua anaita fundi mwingine.

Kwa hiyo mkinisikia nafoka gereji mnapotoa themostati na kuitupa eti "nchi yetu ya joto, haina kazi", mjue nafokea nini. Ile kitu inafunguka kwenye nyuzi 80 hivi ili injini ifanye kazi kwenye joto lake. Ukiitoa, kwenye tambarare injini inabaki baridi, oili haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui vizuri, silinda zinalika. Na ugonjwa wa kuchemsha hujautibu, umeuficha kwa atakayenunua. Ukikuta mshale umelala C baada ya mwendo wa kutosha, hiyo si sifa, ni swali. Kofia mpya kwenye rejeta kuukuu, swali. Maji masafi mno, swali.

Kipimo chenyewe hakina gharama: gari likiwa baridi fungua rejeta, washa, kanyaga kidogo, tazama kama mapovu yanakuja bila kukoma. Kisha funga, washa tena, shika bomba la juu la rejeta. Likikakamaa wakati bado ni baridi, ile ni gesi.

5. Kilomita msiziamini, na si kwa sababu ya wachezea mita tu. Gari la kitalii linakaa Serengeti linaunguruma sailensa wageni wakimsubiri chui ashuke mtini, kilomita hazisogei, injini inalika. Wenzetu wanaokagua boti za dizeli kule Zanzibar wanatazama saa za injini, na wana akili. Nyie tazameni mpira wa pedali, bawaba za mlango wa dereva na usukani uliolainika.

6. Taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu: ile taa ya T-BELT inahesabu kilomita tu, na inazimwa na yeyote anayejua pa kuizimia. Fungua kava uone mkanda wenyewe. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

7. Lipandishe mlima. Kutoka mjini chukua barabara ya Namanga, Ngaramtoni mpaka Oldonyo Sambu, gia kubwa, mguu chini, watu ndani. Moshi mweusi kidogo usikutishe: 1HZ haina tabo ya kuisukumia hewa, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Arusha tuko kama mita 1,400, ukingo wa Ngorongoro ni zaidi ya 2,200, kwa hiyo pampu iliyopimwa Dar itatoa moshi Kreta hata kama ni nzima. Ukiwa mwingi hata hapa mjini, anza na filta ya hewa kabla hujalaani pampu.

8. Kompresheni. Pima silinda zote sita, na tofauti baina yao ikutishe kuliko namba yenyewe. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

9. Usile kwake. Soda sawa, tena fungua mwenyewe.

La malipo nalo. Chukua hela ya ukaguzi kwa mnunuzi, yote, kabla hujafungua boneti, na ya dalali usiiguse hata akikuita mwanangu. Anayelipwa gari likinunuliwa tu hawezi kusema usinunue. Na ukisema usinunue, mwambie mnunuzi mkiwa wawili pembeni, mwandikie karatasi: nini umeona, nini hukuruhusiwa kufungua. Wengi watanunua hivyo hivyo, wameshapenda rangi. Nakala ya karatasi baki nayo.