Pancha ya gari la porini: jifunze kuiziba ukiwa nyumbani

Ukiona msumari umekaa kwenye tairi, usiuchomoe. Najua mkono unawasha, lakini kama tairi bado lina upepo, huo msumari ndio unaoziba tundu. Uache hapo hapo, endesha polepole hadi nyumbani, egesha kivulini, andaa vifaa vyako vyote, ndipo uanze.

Kila msimu wa korosho watu wanaojiandaa kuingia Tandahimba, Newala na Liwale huniuliza habari za pancha, na wengi wanachotaka hasa ni namba ya fundi. Haya, unayo namba ya fundi wa Mtwara mjini, umekwama katikati ya Nangurukuru na Liwale, giza linaingia. Atakusaidia nini? Kazi yenyewe si ngumu. Ila ujifunzie uani kwako, mchana, gari likiwa juu ya saruji.

Kwanza jua tairi lako ni la aina gani. Prado, Hilux na gari nyingi za siku hizi zina tyubulesi, yaani tairi zisizo na tyubu ndani. Zile Land Cruiser za kazi zenye tairi za 7.50R16 mara nyingi zina tyubu ndani, na rimu zake nyingi zina ringi ya chuma inayobana tairi upande mmoja. Ringi hiyo usiichezee. Ikikaa vibaya halafu ukajaza upepo, inaweza kuchomoka kwa nguvu ya kuua mtu. Tairi za namna hiyo mimi napeleka kwa fundi, tena kwa fundi anayefunga mnyororo kabla ya kujaza.

Tyubulesi ndiyo tunayoweza kuimudu nyumbani. Nunua seti ya kuzibia: ina chuma cha kukwangulia tundu, sindano nene yenye jicho, na kamba za mpira zenye gundi. Ongeza geji ya kupimia upepo, plaizi na pampu. Pampu ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari inachelewa mno kwa tairi kubwa. Chukua ile inayobana moja kwa moja kwenye betri.

Kutafuta tundu ndiko kunakokula muda. Jaza upepo, kisha mwagia maji ya sabuni ukianzia kwenye valvu. Wapo waliofungua tairi zima kumbe inayovuja ni sindano ya valvu, kile kijipini cha ndani kinachozuia upepo, kitu cha bei ya chai na andazi. Kama juzi ulikuwa ufukweni Msimbati na ulipunguza upepo ili upite mchangani, kagua pia pale tairi linapokutana na rimu, maana mchanga hupenda kuingia hapo. Povu litakuonyesha.

Ukiliona tundu, tazama lilipo. Likiwa katikati ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, na halizidi milimita 6 hivi, ziba. Likiwa ubavuni, acha. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na hakuna kamba itakayokaa hapo ukiwa umebeba mzigo kwa mwendo wa lami.

Sasa chomoa msumari kwa plaizi, ukiangalia ulivyolala, kwa sababu chuma cha kukwangulia lazima kiingie kwa mlalo ule ule. Kisukume ndani na nje mara kadhaa. Kinagoma, hasa kwenye tairi nene, na huku upepo unakupiga usoni, endelea tu. Pitisha kamba kwenye jicho la sindano hadi nusu, paka solusheni (gundi ya pancha), sukuma kwa uzito wa mwili hadi nje zibaki ncha mbili fupi, kisha vuta sindano kwa mkupuo mmoja. Kamba inabaki. Jaza upepo, mwagia tena maji ya sabuni, na povu lisipotoka kata ncha karibu na kashata.

Kwangu hiyo ni dawa ya njiani. Ukipata nafasi, fundi avue tairi abandike kiraka kwa ndani. Akilifungua, nawe chungulia: ukikuta unga mweusi wa mpira, jua tairi lilitembea bila upepo na ubavu umesagika. Hilo halizibwi. Na akikwambia, "Bosi, tuweke tyubu tu, utatembea nalo miaka," kataa. Tyubu itaficha ubovu, na ubavu utaendelea kuchakaa hadi upasuke.

Ukilazimika kuvua gurudumu, kuhusu jeki sina maneno mengi. Weka kigingi au jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili, legeza nati kabla ya kuinua, na kwenye mchanga tanguliza ubao mpana chini ya jeki. Usiingie chini ya gari. Wakati wa kurudisha, kaza nati kwa kurukia ya upande wa pili, usizifuate kwa mduara. Kisha uzikaze tena baada ya kutembea: ukitokea Mtwara, ukifika Mnazi Mmoja ya Lindi simama uzipitie.

Upepo ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na ukiwa na geji mkononi, pima na spea. Nyingi zimening'inia chini ya gari tangu siku liliponunuliwa, hazina hata upepo wa PSI 10.