Joto la mtoto mchanga: la baba au la mama?

SWALI: Mkunga amenisisitiza nimlaze mwanangu kifuani, ngozi kwa ngozi, hata katika joto hili la kaskazi, kwa sababu ati joto lake hutoka kwenye mafuta ya kahawia. Mama mkwe anasema kustahamili baridi hurithiwa kwa baba. Nami natibiwa tezi ya thairoidi. Je, vina uhusiano? – Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Vina uhusiano, na mama mkwe wako hakukosea kabisa kumtaja baba. Mafuta ya kahawia hukaa katikati ya mabega, shingoni na kandokando ya figo. Hayawekwi akiba tu, bali huunguzwa, kwani mitokondria zake, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, zina protini iitwayo UCP1, ambayo huifanya nishati itoke ikiwa joto. Mtoto mchanga, ambaye bado hawezi kutetemeka vyema, huyategemea tangu anapozaliwa akiwa amelowa majimaji, maana chumba cha nyuzi 28 ni baridi kwa aliyetoka kwenye nyuzi 37.

Seli hizo hutokana na seli changa zenye asili moja na za misuli, ambazo kwanza huongezeka idadi, kisha hukomaa. Ukomavu huo huhitaji homoni za thairoidi. Tezi hutoa zaidi T4, yenye atomu nne za madini joto, yale yatiwayo katika chumvi. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kiitwacho DIO2, kilichomo ndani ya mafuta ya kahawia yenyewe, huondoa atomu moja, ikapatikana T3, nayo huamsha jeni ya UCP1. Kimeng'enya kingine, DIO3, huondoa atomu ya upande mwingine, na homoni ikaishiwa nguvu.

Hapo ndipo anapoingia baba. Jeni nyingi hutumia nakala za wazazi wote wawili, lakini chache hubeba alama za kikemikali zilizowekwa katika yai au mbegu ya kiume, na nakala ya mzazi mmoja hunyamazishwa. Kwa panya, ambako mengi ya haya yamechunguzwa, jeni ya DIO3 na jirani yake DLK1, inayozuia seli changa za mafuta zisikomae, hutumika zaidi kutoka nakala ya baba; kwa binadamu jeni hizo zimo katika kromosomu ya 14. Basi nakala ya baba, kinyume na anavyodhani mama mkwe, hailizidishi joto bali hulichelewesha. Kwa maoni yangu huko si kuharibu, kwani seli zisizoharakishwa hupata nafasi ya kuongezeka. Tatizo huja kipimo kinapopotoka, na panya waliozidishiwa jeni za eneo hilo walichelewa kukomaza mafuta ya kahawia na kushindwa kulinda joto lao vyema.

Kuhusu matibabu yako, usiache dawa bila ya shauri la daktari, na uitaje kliniki ili mtoto apimwe damu, kwani mchanga aliyepungukiwa na homoni hizo huweza kuwa na mwili wa baridi, usingizi mwingi na umanjano unaochelewa kuisha. Ama agizo la mkunga, lifuate kama lilivyo.