Kulwa ananisahihisha mbele ya wateja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga, nimeolewa hapa Tanga huu mwaka wa tisa. Nauza karanga na ubuyu karibu na soko la Mgandini. Nikisema "kalanga mia mbili", vijana wanarudia kwa sauti na kuangua kicheko. Hao nimewazoea. Kinachoniuma ni Kulwa wangu wa darasa la pili: juzi kanisahihisha mbele ya wateja. Nifanyeje ulimi unyooke?
Mama Kulwa, Ngamiani

JIBU: Marahaba mama. Ulimi wako haujapinda. Kisukuma hakina r, basi. Mtoto mchanga husikia tofauti za sauti za lugha yoyote, ila kabla hajatimiza mwaka sikio huanza kuchuja, likabakiza zaidi zile za nyumbani. Lako lilibakiza l. Ulimi ukigusa ufizi ukatulia, ni l. Ukigonga na kutoka upesi, ni r. Jaribu jikoni peke yako, lakini usijikaze. Nadhani siku ukiwa na hofu husema "mchere" na "kurara"? Hiyo ni r iliyotafutwa mno, ikatua isikoitwa.

Kulwa hakuitoa lafudhi kwako. Watoto huiokota kwa wenzao wa kucheza nao, ndiyo maana mwanao aongea kama kalelewa na bibi wa Kidigo.

Na hao vijana wasijitape. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Yaliamuliwa Mombasa mwaka 1928, na Kimtang'ata, lahaja yetu ya pwani ya Tanga, hakikupewa kiti. Sisi tukifika Dar twaambiwa twaimba. (Ingawa msemo wetu wa Tanga, "Waja leo, waondoka leo", ukiugeuza kuwa "Unakuja leo, unaondoka leo", wabaki tangazo la basi.)

Mimi nimewahi kufundisha huko kwenu miaka miwili. Asubuhi ya kwanza nikataka kuitikia salamu kwa "mhola". Ile m yenu hupita puani na pumzi, kama mtu apulizaye kioo kwa pua. Nikatoa "mola". Nikarudia, ikawa "muhola". Darasa zima likashika matumbo, na mtoto wa mbele, mdogo kuliko Kulwa, akasimama kunisahihisha. Mpaka leo siiwezi.

Jioni mwambie Kulwa aseme "mhola". Kesho waambie na hao vijana. Ila wacheke kidogo tu, wasije wakaondoka bila kununua.