MUULIZE FUNDI: Chaki haionekani kwenye kitenge

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nashona mablanketi ya viraka, vipande navipata kwa mafundi wa Majengo. Sasa upande wa juu nimeshaunga ni vitenge vitupu, maua, ndege, maduara, nataka nipige mshono wa mawimbi na majani ila kila nikichora kwa chaki siuoni mstari, kaboni ndo kabisa imepotelea humohumo. Na mteja anakuja wiki ijayo. Nichoree nini?

JIBU: Nzuri dada. Hiyo chaki achana nayo. Kitenge chenyewe kishachorwa, hata upate chaki ya rangi gani kuna ua litakaloimeza tu. Wewe geuza blanketi, kama bitana yako ni ya rangi moja, hata marekani tu, chora huko nyuma halafu shonea huko nyuma. Sasa hapa angalia, uzi wa bobini, ule wa chini ya cherehani, ndo utakaoonekana juu kwahiyo ule uzi mzuri uweke kwenye bobini, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni uone kama cherehani inavuta sawa juu na chini. Na kabla hujageuza shikiza matabaka yote matatu, vitenge, kijazo cha katikati na bitana, kwa mshono mrefu wa mkono, usitegemee pini chache, maana ukishonea nyuma juu hupaoni na pakijikunja utajua umeshamaliza. Kama kuna jina au herufi, chora kinyume.

Ukitaka lazima ushonee juu, chukua karatasi laini ile nyembamba, chora mawimbi yako, ibane juu ya kitenge, shona ukipita na karatasi yenyewe kisha ichane taratibu. Mshono uwe mfupi, kama milimita 2, karatasi inakatika yenyewe. Penseli usiikandamize, sindano inabeba ule weusi mpaka kwenye uzi. Mistari iliyonyooka bandika maskin tepu, ile tepu ya karatasi, ushone ubavuni mwake, ila itoe siku hiyohiyo, na joto letu hili ikilala inaacha gundi. Viraka vyeusi visivyo na maua mengi kipande kikavu cha sabuni nyeupe kinatosha.

Lakini hayo majani dada, kwenye kitenge kilichojaa ndege nani atayaona? Yapeleke kwenye viraka vya rangi moja kama unavyo. Kwa huyu mteja wa wiki ijayo piga mawimbi tu, au fuata maua ya kitenge chenyewe, hapo huchori kitu.

SWALI: Fundi, mimi wa Kondoa, hizi kalamu ambazo wino unapotea ukipiga pasi zinafaa kwenye blanketi?

JIBU: Zinafaa ila kwa kujua. Ule wino kama wa Pilot FriXion hauondoki, unapoteza rangi tu ukifika nyuzi joto 60 hivi, sasa blanketi likikutana na baridi kali chini ya sifuri mstari unaweza kurudi. Kwa baridi ya Kondoa usiwe na wasiwasi, ila kama linatumwa Ulaya kwenye baridi kali, kuosha peke yake si uhakika kwamba wino utatoka. Na kwenye kitambaa cheusi huwa unaacha alama nyeupe, jaribu kwenye kipande kwanza. Peni ya kawaida usiiguse kabisa, maana najua utauliza.