Mahamri ya kitabu kipya hayakufura? Usikitupe bado

Pole dada. Umefuata kitabu kipya cha mapishi hatua kwa hatua, mahamri yakatoka bapa na mazito. Yalinikuta hayo hayo. Angalia kikombe kwanza: cha vitabu vya Marekani ni takriban mililita 240, unga wake kama gramu 125, ilhali vikombe vyetu vya chai havina kipimo kimoja. Pima kwa mizani. Tui nalo liwe vuguvugu, ukichovya kidole usishtuke. Likiwa moto linaua hamira. Kanda mpaka donge lilainike, kisha liache liumuke maradufu, hata kama kitabu kimesema saa moja. Siku za baridi mimi husubiri mbili. Mafuta yakishika moto usimwage maji: zima jiko, funika karai. Mahamri yakigoma tena kufura, niambie umetumia hamira gani.