Kuacha plau pekee hakutoshi

Umeuliza kama ukiacha tu kulima kwa plau, udongo utaanza kuhifadhi kaboni wenyewe. Kwa kiasi fulani ndiyo, lakini usitegemee hilo peke yake. Plau huvunja mabonge ya udongo na kuingiza hewa, na hapo bakteria huila mboji iliyokuwa imejificha ndani na kuirudisha angani ikiwa hewa ya ukaa. Ukiacha, upotevu hupungua. Ila kaboni mpya huletwa na mimea, kwa hiyo jiulize kwanza: shamba langu lina mizizi hai kwa miezi mingapi ya mwaka?

Chimba kidogo uone. Penye mizizi mingi, udongo huwa wa punjepunje, mweusi kiasi, na hung'ang'ania mizizi hata ukiitikisa. Gundi hiyo ni utomvu wa mizizi pamoja na mabaki ya bakteria na kuvu, na sehemu yake ikishikana na chembe za mfinyanzi inaweza kudumu miongo mingi. Ndiyo maana mimi ningeanza na mikunde ya kufunika udongo, miti shambani, na mabaki ya mazao yaachwe palepale yasichomwe.

Ukipima, usiishie sentimita 10 za juu. Shamba lisilolimwa hurundika kaboni juu wakati chini huenda hakuna kilichoongezeka, basi shuka angalau hadi sentimita 30. Na ukirudisha plau baadaye, ulichokusanya kitaondoka haraka kuliko kilivyoingia.